Ubao wa Mistari Kumi na Nane

4 Februari

Mwanangu Sindano,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo, kwa kadiri mgonjwa na mtu anayemuuguza wanavyoweza kusema hawajambo. Bati la jikoni limeacha kuvuja. Kuku wa jirani ameamua kutagia kwenye kapu langu la mapazia, na mteja mmoja amepelekewa pazia la sebuleni lenye doa la yai. Cherehani nimeihamishia hapa kwa baba yako, maana siwezi kumwacha peke yake na siwezi kuacha kushona.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zetu zote zinaishia kwenye makelele. Nikimtaja baba yako tu, unasema mtandao unakata. Haya, barua haikati.

Tangu kiharusi kimpige kaka yangu Fundi, mkono wake wa useremala, ule wa kulia, umelala. Maneno yanamtoka mawili matatu, na mengi ni "toa" na "acha". Mtaalamu wa viungo anayekuja kumfanyisha mazoezi alimpa mpira aufinye kwa mkono wa kushoto. Fundi akautupa dirishani. Kitu kimoja tu kinamfanya anyooshe mkono kwa hiari yake, nacho ni ule ubao wa mchezo wa Go aliouchonga mwenyewe. Kila asubuhi anakaa mbele yake, anachukua kete nyeupe kwa vidole vya kushoto, anaizungusha, kisha anamtazama aliyekaa upande wa pili. Aliyekaa ni mimi, na mimi sijui lolote. Anairudisha kete bakulini na kufumba macho.

Mtaalamu ameniambia waziwazi: huyu akipata wa kucheza naye, mkono utaamka na ulimi huenda ukafuata. Asipompata, atazidi kuzama kwenye kiti hicho mpaka tumsahau sauti.

Katika familia hii anayeujua mchezo huo ni wewe peke yako. Sikuulizi kwa nini huji. Nimeuliza mpaka nimechoka. Kompyuta ndiyo kazi yako, basi nitafutie mashine ya kunifundisha, nijifunze, nikae mbele yake mimi. Ila ujue kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mimi shangazi yako, mwenye pini mdomoni na hasira kifuani.


19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimepata barua. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba cha juu, kina dirisha kubwa, na mwenye nyumba kapaka ngazi rangi bila kumwambia mtu, kwa hiyo wapangaji wote tuna viatu vya kijani. Ofisini bado naandika programu za bohari: mzigo gani umeingia, upi umetoka. Pole kwa kuku.

Kwenye kifurushi utakuta kompyuta yangu ya zamani. Nimekuwekea programu ya Go inayosifiwa kuliko zote. Hata mabingwa wanajifunza kwake. Maelezo ni haya: kete nyeusi zinaanza, mnapokezana, unaweka kete pale mistari inapokutana, siyo ndani ya vyumba. Kete iliyozingirwa pande zote inaondolewa. Aliyezungushia eneo kubwa ndiye mshindi. Mwenye nguvu zaidi anashika nyeupe. Ni hayo tu, mengine ni maisha yako yote.

Kuhusu kuja, kazi imebana. Na usimwambie mzee kwamba kompyuta imetoka kwangu.

Mpwa wako.


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi una dirisha. Huku kuku kaangua, sasa kapu langu la mapazia lina vifaranga na siwezi hata kuwafukuza kwa huruma. Baba yako salamu hujampa, nimeona. Nilisoma barua mara mbili nikizitafuta.

Sasa nikuulize, hiyo mashine uliyoniletea ni mwalimu au jambazi? Niliweka kete, ikaweka. Niliweka, ikaweka. Chai yangu haijapoa sina hata pembe ya kusimamisha mguu mmoja. Nikaanza tena, ikanimaliza tena, na safari hii sikujua hata ilinimaliza wapi. Hainiambii nimekosea nini. Hainipi nafasi ya kukosea vizuri. Huwezi kumfundisha mtu kushona kwa kumwonyesha suti ya harusi halafu ukamwambia "umeona?" Mimi wanafunzi wangu nawaanzisha na foronya.

Bingwa wa mabingwa nitamfanyia nini? Kumbe unanitafutia anayesifiwa, hunitafutii anayenifaa. Baba yako alinisikia nikiitukana kompyuta akacheka puani. Kicheko cha kwanza tangu augue, na ni cha kunicheka mimi. Niletee mwingine.

Shangazi.


26 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nilikuwa naumwa jino, limeng'olewa, ndiyo maana nimechelewa. Nakula uji upande mmoja.

Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kugombana na kompyuta ikabaki na makosa. Haya. Kwenye kadi hii ya kuchomeka kwenye kompyuta kuna wawili. Wa kwanza ni mdhaifu sana, anacheza kwenye ubao mdogo wa mistari tisa, anza naye. Wa pili ni yule yule bingwa, ila nimempunguza makali: nimemwamuru asishinde kwa tofauti kubwa. Zoea wa kwanza, ukichoka nenda kwa wa pili.

Kila mtu hujifunza kwa kufungwa. Mimi nilifungwa miaka.

Mpwa wako mwenye pengo.


20 Aprili

Mwanangu mwenye pengo,

Pole ya jino. Sukutua maji ya chumvi na uache ukaidi wa kula karanga, nakujua. Vifaranga wamebaki wanne, paka amekula mmoja, jirani ananitazama kama mimi ndiye niliyemla.

Huyo mdhaifu wako ni chizi. Anaweka kete popote. Anazingira eneo zuri, halafu anakaa anajaza mwenyewe nafasi zake mpaka anajinyonga na kete zake zote zinaondolewa. Nilimshinda nikiwa natia uzi kwenye sindano. Na mchezo ukiisha hajui umeisha, anaendelea kuweka tu, kama mgeni aliyeshaaga mara tatu na bado amekaa. Kumshinda yule sijifunzi kitu zaidi ya dharau.

Lakini huyo wa pili ndiye aliyenitia hasira. Tulicheza vizuri. Alikuwa amenishika koo upande wa kushoto, nikajua nimekwisha. Mara akaweka kete mbali kabisa, mahali pasipo na chochote, kama mtu anayetazama pembeni ili mwenzake achukue mnofu. Nikapona. Nikafikiri nimebahatika. Mchezo uliofuata hivyo hivyo. Nikishindwa ananiachia, nikishinda ananibana, tunamaliza tumekaribiana kila siku. Ananionea huruma, Sindano! Mashine ya kuchaji ukutani inanionea huruma mimi! Na aliyeiamuru ni wewe.

Sikiliza. Sitaki jambazi, sitaki chizi, sitaki mwenye huruma. Nataka anayekosea kama binadamu: kwa tamaa, kwa woga, kwa ubishi. Anayejitahidi kwa moyo wote na bado akakosea. Hapo ndipo mtu hujifunza.

Na harakisha. Juzi kaka yangu hakukaa mbele ya ubao. Nilimsogeza, akageuza uso ukutani. Mtaalamu aliandika andika kwenye karatasi yake, na mimi niliogopa kumuuliza.

Shangazi yako.


9 Mei

Shangazi, shikamoo.

Niko salama. Ngazi zimekauka. Nimepewa kazi ya bohari jingine, kubwa zaidi, na mkuu wangu ananiita "bibie" akitaka kitu na "wewe" akishakipata.

Nilikasirika nilipoisoma barua yako, kisha nikaona una haki. Nimetafuta wiki nzima. Huyu ninayekutumia hakufundishwa na mabingwa. Amelishwa michezo ya watu wa kawaida, wanaoanza na wanaokwama, maelfu kwa maelfu, na kazi yake siyo kutafuta kete bora. Anabahatisha mtu wa kiwango hicho angeweka wapi, anaweka hapo hapo. Anakosea kama wanavyokosea wao. Unaweza kumpandisha kiwango kadiri unavyopanda wewe. Ana tamaa, utaona. Woga pia anao.

Ubishi sina hakika. Kwa ubishi hakuna mashine itakayomfikia mtu mmoja hapo nyumbani.

Kazi bado imebana, usiniulize.

Mpwa wako.


2 Julai

Mwanangu,

Nimenyamaza muda mrefu kwa kuwa nilikuwa najifunza. Salamu za hapa ni nzuri na mbaya, nianze na nzuri.

Huyo wa mwisho nimempa jina la Jirani. Tamaa anayo kweli: ukimwachia kete moja ya kula anasahau nusu ya ubao. Nilimzoea. Alinifunga, nikajua kwa nini. Nikamfunga, nikajua kwa nini. Nimempandisha viwango vinne. Mapazia ya watu yamechelewa kwa ajili yake na sijuti. Baba yako alianza kusogeza kiti atuchungulie, na siku moja, nilipoweka kete ya kijinga, alisema "siyo". Neno jipya! Nililia jikoni.

Basi juzi nikaona niko tayari. Nikavaa gauni zuri, nikaketi mbele yake, nikashika nyeusi. Macho yake yalikuwaje, laiti ungeyaona. Tukaanza. Pembe ya kwanza nikaenda vizuri. Nilipovuka upande wa pili kila kitu kikaharibika. Kete niliyodhani iko mstari wa nne ilikuwa wa tatu. Nikataka kuweka katikati kabisa, kwenye kitovu, kama Jirani anavyopenda, nikatafuta kitovu, hakuna! Nikapapasa kama kipofu sokoni. Fundi akadhani namfanyia mzaha. Akafagia ubao mzima kwa mkono wake mzima, kete zikaingia mpaka chini ya cherehani. Tangu hapo hajasema hata "toa".

Nilipoziokota ndipo nikahesabu mistari. Jirani ana kumi na tisa. Ubao wa kaka yangu una kumi na nane.

Kumi na nane, Sindano. Wewe ulikulia kwenye ubao ule. Ulijua. Umenilea miezi mitano na mashine ya mistari kumi na tisa huku ukijua ninakwenda kukaa wapi! Mgonjwa alikuwa ameanza kuamka na nimemrudisha ukutani mimi, kwa mikono yangu. Miaka yote nimesikia upande mmoja, kwamba ulimtukana mbele ya mteja ukaondoka. Leo nataka upande wako, na usinitajie kazi. Mkataa kwao ni mtumwa.

Sikuandikii jina.


30 Julai

Shangazi, shikamoo.

Habari za huku hazina maana. Umeutaka upande wangu, huu hapa, na utoe pini mdomoni kwanza ndipo usome.

Baba alijifunza mchezo kwa mhandisi aliyemletea kazi ya meza. Mhandisi alimwambia ubao una vyumba kumi na nane kila upande. Vyumba, Shangazi. Yeye akachora mistari kumi na nane, akapata vyumba kumi na saba. Kosa la mchana mmoja, angeliweza kulicheka.

Nilikulia hapo. Niliposhinda kila mtu mtaani tuliyemfundisha, nikaenda mashindano, mara ya kwanza kuona ubao mwingine maishani mwangu. Nikakaa, nikatazama, nikaona mstari umezidi. Nikanyoosha mkono. Nikamwita msimamizi, nikasema, na sauti yangu unaijua, "Samahani, ubao huu una kasoro." Akaja akauhesabu kwa kidole mbele yangu. Akahesabu wa meza ya pili. Akaniambia, "Binti, kasoro zipo ukumbi mzima basi." Walicheka wote, mpaka waliokuwa wanashindwa. Nilifungwa kila mchezo, kete zangu zikitua nafasi moja kando kama zako. Wakaniita Kumi na Nane. Kuna watu mpaka leo hawanijui kwa jina jingine.

Nikarudi nikamuuliza baba kwa upole. Ndiyo, kwa upole, hilo hakukusimulia. Akasema, "Ubao wangu hauna kosa." Nikamuuliza tena. Ndipo akanijibu kwamba mhandisi aliuona alipokuja kuchukua meza, akamwambia. Alijua, Shangazi! Alijua tangu sijaota meno ya mbele! Na unajua kwa nini hakurekebisha? "Ulikuwa umeshapigwa vanishi." Alinifundisha miaka yote hiyo mchezo usiochezwa popote duniani isipokuwa sebuleni kwake, kwa ajili ya vanishi.

Mteja aliingia wakati huo. Nikasema mbele yake kwamba hii ni karakana ya fundi asiyejua kuhesabu. Baba akanionyesha mlango kwa rula.

Sikukuambia kuhusu mistari kwa kuwa sikutaka kulitaja tena maishani. Kwa lile gauni lako zuri naomba radhi. Kwake siombi. Mwambie hivyo.

Mpwa wako.


12 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sisalimii sana leo, nina mengi.

Uliniambia nimwambie, nikamwambia. Nilimsomea barua yako yote, kwa sauti, bila kuruka hata ile ya vanishi. Nilikuwa nimewakasirikia nyote wawili sawasawa na nilitaka mtu aumie. Nikafikiri hakusikia. Nikarudi kwenye cherehani.

Asubuhi yake akasema, "Patasi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema tena, na mate yakamtoka kwa ghadhabu kwamba sielewi, "Patasi! Rula!" Nikamletea kutoka karakana, nikiogopa atajidhuru. Akauweka ubao mapajani. Ule ukingo mtupu uliobaki nje ya mistari unaukumbuka? Akaanza kuuchonga. Mkono wa kushoto, ambao haujawahi kushika patasi tangu azaliwe. Aliniruhusu kumshikia rula tu. Nilipojaribu kumsaidia zaidi alinipiga kidole nayo. Alikwaruza vanishi yote upande ule, akatupa maganda yake sakafuni. Alijikata dole gumba, nikamfunga kitambaa, akaendelea. Mtaalamu alikuja akasimama mlangoni, akafunga mkoba wake akasema leo mazoezi hayahitajiki.

Ni mistari miwili, mmoja wa wima na mmoja wa kulala, na ile mingine ameirefusha ikaifikia. Imepinda, Sindano. Mtu ambaye droo zake zilikuwa haziingii wembe, amechora mistari iliyopinda kama ya mtoto wa shule, na anaitazama bila kuona haya. Ila ukihesabu ni kumi na tisa, kotekote. Na kitovu ametoboa.

Alipomaliza akalisukuma bakuli la kete nyeupe, zile za mwenye nguvu zaidi, upande wa pili wa ubao. Nikakaa. Akatikisa kichwa. "Siyo wewe," akasema. Maneno mawili, yamefuatana. "Zake."

Nimechoka nanyi.

Shangazi.


13 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, mvua hapa haikatiki. Hujajibu bado na sikusubiri ujibu.

Nimelia, nimekasirika, kisha nimefanya kazi. Kwenye kadi hii yuko Jirani mwingine. Nimemtengenezea ubao wa mistari kumi na nane. Hakuna anayeucheza mchezo huo, kwa hiyo hapakuwa na michezo ya kumlisha. Ilibidi nikae niicheze mimi, jioni baada ya jioni, nikikumbuka ya zamani, yangu na ya mzee. Mikono yangu haikusahau hata kete moja na nimeichukia kwa hilo. Anacheza kidogo kama yeye. Ubishi sasa anao.

Jifunze naye, ukakae mbele ya mzee, apone. Mimi nimemaliza sehemu yangu.

Mpwa wako.


25 Agosti

Sindano,

Barua zetu zimepishana njiani. Sasa tazama mlivyonifanya. Mashine ina kumi na nane, ubao una kumi na tisa. Wewe umekwenda kwake, yeye amekuja kwako, mkakosana barabarani kama kawaida yenu, na mimi nimesimama katikati na kompyuta mkononi!

Nilimwonyesha baba yako huyo Jirani wako mpya. Akatazama kete zinavyowekwa, muda mrefu, akakitambua kitu. Aligusa kioo kwa dole gumba lenye kitambaa. Kisha akafunga kompyuta kwa mkono wake mwenyewe na kuniambia niondoe.

Mashine hataki. Mimi hanitaki. Kete nyeupe ziko pale pale alipozisukuma, napangusa vumbi kuzizunguka. Mpinzani anayenifaa mimi ulimtafuta miezi mitatu ukampata. Wa kumfaa yeye hatafutwi kwenye kadi, na unajua anakaa chumba gani, chenye dirisha kubwa. Sina zaidi.

Shangazi.


2 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Nimeomba likizo. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, usimtume mtu kunipokea, njia naijua.

Sijamsamehe. Asidhani mistari miwili iliyopinda inafuta ukumbi mzima. Nakuja kumfunga, basi, kwenye ubao wake mwenyewe, na macho yake yakiona.

Mwambie arudishe kete nyeupe upande wake. Sikuomba kupewa. Nitazichukua nikishamfunga, si kabla.

Na asithubutu kukosea makusudi.

Kumi na Nane.